Mtafiti Akibisha Hodi, Tumfungulie Vipi?

Hotuba iliyotolewa na katibu wa kikundi cha akina mama wauza maziwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo. Tumeifupisha kidogo ili ipate nafasi.

 

Nimepewa nusu saa, na najua baadhi yenu mna gari la kurudi nyumbani. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lenyewe.

Ofisi ya maendeleo imepokea barua tatu. Zote zimeandikwa na wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana ambao bado wanasomea shahada ya kwanza. Mmoja anataka kupima jinsi maziwa ya ngamia yanavyoharibika njiani. Wa pili anataka kuangalia miguu ya bandia, ajue ni kwa nini inavunjika haraka katika mchanga na joto la huku kwetu. Wa tatu anataka kutengeneza kikaushio cha jua cha kukaushia nyama ya nyirinyiri bila nzi na vumbi. Wote wanaomba vikundi vyetu viwapokee. Leo tunatakiwa tupige kura: waje au wasije?

Kabla sijaendelea, nasema wazi ili mtu asije akasema nilificha. Yule wa maziwa ni binti yangu.

Na lingine pia niliseme. Miaka mitatu iliyopita, katika mkutano kama huu, kuna mtu alisimama akatoa hoja kwamba mtafiti yeyote asikanyage tena katika vikundi vyetu. Hoja ikapita, watu wakapiga makofi. Aliyeitoa hoja hiyo ni mimi.

KWA NINI TULIFUNGA MLANGO

Wengi wenu mnakumbuka. Walikuja wageni, sitataja walikotoka. Walikuwa wapole, tukawakaribisha. Kwa wiki kadhaa walikuja alfajiri wakati tunapokusanya maziwa, wakachukua kidogo kidogo katika chupa zao. Walituuliza tunauza kiasi gani, tunapata pesa ngapi, watoto wetu wanakula nini. Tulijibu yote. Wakasema, "Tutarudi kuwaeleza matokeo."

Hawakurudi. Tulichopata ni maneno ya watu kule yanakouzwa maziwa, kwamba "maziwa ya hawa akina mama yamepimwa yakaonekana machafu." Siku ile mitungi yetu mitatu ilirudishwa. Hatukujua ni maziwa ya nani, yamechafuka wapi, wala kwa sababu gani. Kama tungeambiwa kwamba shida ni mitungi ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kuisugua, tungebadilisha mitungi. Kama ni maji ya kuoshea, tungeyachemsha. Lakini hatukuambiwa. Tulibaki na aibu, na hasara juu yake.

Ndiyo maana nikasema, basi, imetosha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Halafu likizo iliyopita binti yangu akaja nyumbani na barua yake. Aliipeleka kwa kikundi cha jirani. Mwenyekiti, mama ninayemheshimu sana, akamwambia, "Mwanangu, ni mama yako mwenyewe aliyetufundisha kukataa." Msichana akarudi akaketi mlangoni, hakunilaumu. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, kama sitafanyia utafiti maziwa ya kwetu, mtu wa mbali ataanzaje kuyajali?"

Sikulala vizuri usiku ule. Nimekuja kuwaambia niliyoyafikiri.

HAWA VIJANA WANASOMA NINI HASA?

Uhandisi tunaujua. Injinia ni mtu wa barabara, daraja na pampu ya kisima. Sasa kuna uhandisi unaoshughulika na vitu vyenye uhai: mwili wa binadamu, wanyama, mimea, chakula. Ndio huitwa uhandisi wa kibayolojia. Una matawi. Tawi moja ni la vifaa vya hospitali na viungo vya bandia, na hapa Kenya linafundishwa kwa mfano Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tawi lingine ni la kilimo, maji, mifugo na uhifadhi wa chakula, ambalo lipo Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Chuo Kikuu cha Eldoret.

Masomo ya uhandisi kwetu Kenya huchukua miaka mitano. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima afanye mradi wake mwenyewe. Achague tatizo, alipime, atengeneze kitu, akijaribu, aandike ripoti. Huo ndio utafiti wake wa kwanza. Asipopata mahali pa kuufanyia, atachukua tatizo kutoka kitabuni, atengeneze kitu cha kuweka mezani, apewe alama, na kile kitu kibaki stoo kikipigwa na vumbi.

Hapo ndipo pana jambo ambalo sikulijua nilipotoa hoja yangu. Mimi nilidhani nafasi ya utafiti ni kitu kinachotolewa na chuo, au na wafadhili wa ng'ambo. Kumbe sehemu kubwa ya nafasi hiyo iko mikononi mwetu. Chuo kina mwalimu na maabara. Tatizo lenyewe tunalo sisi.

MIFANO ILIYOZAA MATUNDA

Sitaki mnikubali kwa sababu ya binti yangu. Tuangalie yaliyotokea kwingine.

Mwaka 2010 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, huko Texas, Marekani, walipewa kazi ya darasani. Walitakiwa watengeneze mashine ya bei nafuu ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye mapafu yake hayana nguvu ya kuvuta pumzi. Mashine za namna hiyo zilikuwepo, lakini bei yake ilizishinda hospitali nyingi za Afrika. Wale vijana walianza na pampu ndogo zinazotumika kupuliza hewa katika matangi ya samaki wa mapambo, wakazitia ndani ya sanduku la plastiki. Ukiiona picha ya kile cha kwanza unaweza kucheka.

Lakini hawakuiacha mezani. Ilipelekwa Blantyre, Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, ikajaribiwa wodini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliopewa oksijeni ya kawaida, 44 katika kila 100 walipona wakarudi nyumbani. Waliowekewa mashine ile, 71 katika kila 100 walirudi nyumbani. Hebu wazieni tofauti hiyo: watoto 27 katika kila 100. Mashine hiyo iliitwa Pumani, neno la Kichewa. Nasi wasemaji wa Kiswahili tukilisikia tunakumbuka kupumua na kupumzika.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Uganda. Nyanya ya msichana mmoja aliyesomea uinjinia Chuo Kikuu cha Makerere, Olivia Koburongo, aliugua akahamishwa hospitali hadi hospitali kabla ya kujulikana kwamba ana nimonia. Olivia na mwenzake Brian Turyabagye wakaanza kubuni koti lenye vipimo vya kusaidia kuitambua nimonia mapema. Wakaliita Mama-Ope, yaani matumaini ya mama. Mwaka 2017 kazi yao iliingia katika orodha ya walioteuliwa kushindania Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Kazi yote hiyo ilianzia kwa nyanya mgonjwa.

Na mfano wa tatu uko hapa hapa kwetu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa KARI, ambayo sasa ni KALRO, walichapisha kazi yao juu ya maziwa ya ngamia ya Isiolo: yanavyokamuliwa, yanavyobebwa, vibuyu vinavyofukizwa moshi. Pia walitengeneza kipozeo cha makaa kisichotumia umeme. Nikieleza mtaona ni jambo rahisi. Unajenga kijumba kidogo chenye kuta za nyavu mbili, katikati unajaza makaa. Makaa yanalowanishwa kwa maji. Upepo ukipita, maji yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto la ndani. Ni kama ule mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, ambao maji yake ni baridi hata saa nane mchana. Hewa ikiwa kavu, kitu hiki kinafanya kazi vizuri zaidi, na ukavu hapa Isiolo hatukopi kwa mtu.

LAKINI MAJI YATATOKA WAPI?

Binti yangu aliponieleza habari za kipozeo hicho, nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza, "Kinakunywa maji kiasi gani kwa siku?" Akaanza kutafuta katika karatasi zake. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hukuwa hapa mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022. Mwanamke aliyebeba maji kichwani kutoka mbali hatayamwagia makaa kabla hajawanywesha watoto na mbuzi. Nionyeshe kwamba lita moja ya maji inaokoa maziwa ya bei kubwa kuliko maji yenyewe, hapo nitakujengea hicho kijumba."

Alinyamaza. Halafu akaandika. Na hilo ndilo swali la mradi wake sasa, ndilo liko katika ile barua: lita ngapi za maji kuokoa lita ngapi za maziwa, na je, maji yaliyokwisha kuoshea mitungi yanaweza kutumika tena kulowanisha makaa bila kuleta harufu mbaya?

Wajumbe, mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Swali lile halikutoka chuo kikuu, lilitoka kwa mtu anayebeba maji. Mtoto angelikosa kama asingekuja nyumbani, nami ningelikaa nalo kichwani bila faida kama asingeniuliza.

Ndiyo maana nasema hoja yangu ya miaka mitatu iliyopita ilikuwa na uchungu wa haki, lakini dawa yake haikuwa sahihi. Tuliibiwa kwa sababu mlango ulikuwa wazi bila mwenye nyumba kuuliza mgeni ametoka wapi, anataka nini na ataondoka lini. Tukaufunga kabisa, na sasa tumewafungia nje watoto wetu wenyewe.

MASHARTI YA KUMPOKEA MTAFITI

Napendekeza tupitishe masharti haya sita.

Kwanza, aje na barua ya chuo yenye jina la mwalimu anayemsimamia. Tumpigie huyo mwalimu simu, tusione haya. Na pale sheria inapotaka, aonyeshe kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayosimamia utafiti kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Kama anachukua damu au habari za ugonjwa wa mtu, lazima awe pia na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti.

Pili, aeleze swali lake mbele ya kikundi kwa lugha inayoeleweka. Kama ni Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru, atafutiwe mkalimani. Asiyeweza kumweleza mama swali lake, huenda yeye mwenyewe bado hajalielewa.

Tatu, kila mtu aulizwe peke yake kama anakubali, na akikataa asisumbuliwe. Jina la mtu na habari zake ni mali yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayolinda habari hizo.

Nne, iandikwe ni kitu gani kitachukuliwa na kiasi gani. Maziwa ni biashara. Akichukua lita, alipe lita. Lakini na sisi tusiwadai vijana hawa posho kana kwamba ni mashirika makubwa. Wengi wanalipa nauli kutoka mfukoni, na wengine wanakula mlo mmoja kwa siku.

Tano, na hili ndilo kubwa: matokeo yaletwe kwetu kabla ya kupelekwa kokote kwingine. Siku ya kurudi iandikwe kabisa katika mapatano, na mwalimu wake aweke sahihi. Kama maziwa yana uchafu, tuambiwe yalipochafukia, ili turekebishe.

Sita, nakala moja ya ripoti, pamoja na maelezo mafupi kwa Kiswahili, ibaki katika ofisi ya parokia. Mwanafunzi atakayekuja baadaye aanzie pale mwenzake alipoishia, asituulize tena idadi ya ngamia wetu.

Nasi tuna wajibu. Tumpe mtafiti mtu mmoja wa kumtembeza. Tumwonyeshe daftari letu: lita zilizoingia, saa zilizoingia, zilizorudishwa. Kikundi kisicho na daftari hakina cha kumwonyesha mtafiti. Na tumwambie kweli. Tuna tabia ya kumpa mgeni jibu la kumfurahisha. Ukimwambia kwamba huwa unachemsha maji ya kuoshea mitungi na kumbe huchemshi, ripoti yake itakuwa ya uongo na itakurudia wewe.

Na tuvumilie. Pengine binti yangu atamaliza aseme kwamba kipozeo kile hakitufai kwa sababu ya maji. Hilo nalo ni jibu. Litatuzuia kumwaga pesa za kikundi katika mabati na nyavu.

KWA VIJANA WENYEWE, NA WAZAZI WAO

Kuna milango mingine ya utafiti, na wazazi wengi hatuijui. KEMRI pamoja na Wellcome Trust kule Kilifi hupokea wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, hata waliomaliza sekondari karibuni. ILRI, taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyo Nairobi, huchukua wanafunzi pia. KALRO ina kituo Marsabit, jirani yetu, kinachoshughulika na mifugo ya nchi kavu. Mwanafunzi aandike mapema, asingoje mwezi wa mwisho, na aeleze swali analotaka kulichunguza. Barua inayosema tu "naomba nafasi yoyote" huwa chini ya rundo.

Kuhusu nafasi za ng'ambo, someni masharti kabla ya kujenga matumaini. Kwa mfano, mipango ya likizo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza inayolipiwa na shirika la sayansi la serikali ya Marekani, NSF, ni ya raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kijana wetu anaweza kuandika usiku kucha akakataliwa kwa jambo lililokuwa wazi katika mstari wa kwanza. Na mtu akikuambia kuna nafasi ya utafiti Ulaya lakini tuma kwanza pesa kwa simu, usitume. Huyo ni mwizi.

Usidharau kilicho karibu. Vifaa vya tiba katika nchi maskini vinaharibika na kulala. Uchunguzi wa nchi 16 uliochapishwa 2011 ulikuta karibu vifaa 4 katika kila 10 havifanyi kazi. Kwa nini kimoja kinadumu na kingine hakidumu katika vumbi, joto na umeme unaokatika? Swali hilo halihitaji ndege. Linahitaji kijana mwenye daftari, subira, na ruhusa ya msimamizi wa hospitali.

NAMALIZIA

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametupa watoto wenye akili. Tumeuza mbuzi na ngamia ili wasome. Haifai mtoto afike mwaka wa mwisho, arudi na swali la kutusaidia, akute tumemfungia mlango.

Sisemi mlango uwe wazi kama zamani. Nasema tuwe na mlango wenye komeo, na komeo liwe mkononi mwetu. Naomba kuiondoa hoja yangu ya miaka mitatu iliyopita, na kuweka mahali pake masharti haya sita. Wakati wa kura ya maziwa mimi nitatoka nje, kwa kuwa ni habari ya mwanangu. Mkimkataa nitakubali. Lakini mkatalieni swali lake, msimkatalie kwa sababu ya kosa la watu wengine.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kupokea watafiti? Walirudi kutueleza waliyoyaona?

2. Ni tatizo gani moja katika kazi yetu ambalo tungependa mwanafunzi wa uhandisi alichunguze? Liandikeni kwa sentensi moja.

3. Daftari letu linaonyesha nini kuhusu tatizo hilo? Kama halionyeshi, tuanze kuandika nini kuanzia wiki hii?

4. Ni vijana gani wa kijiji chetu wako chuoni sasa? Nani atawasiliana nao kabla ya likizo ijayo?